Kiti cha Barabara ya Kumi na Tisa

Mfuniko wa chemba uliondoka usiku wa Jumanne.
Chuma chakavu kina bei, na Ngamiani ilikuwa imelala.
Alfajiri Kombo Shelukindo, msambaza mikate,
akazamisha gurudumu la mbele mpaka kwenye usukani,
na mikate ishirini na saba ikaogelea.

Mimi ndiye niliyeandika barua.
Nina mwandiko mzuri; hilo ndilo kosa langu.

Kwa mtendaji wa mtaa, shimo huitwa kero.
Bi Semkiwa akaligongea muhuri, akalipa namba.
Mamlaka ya maji wakauliza: la maji safi au maji taka?
Nikasema: linanuka.
Wakasema: kama ni mtaro wa mvua, si letu.
Wakala wa barabara wakaja na futi kamba,
wakapima toka katikati ya lami, wakainama, wakanong'ona:
nusu ya shimo imo ndani ya hifadhi ya barabara,
nusu imetoka nje.
Nusu yao wakaikubali.
Jiji nalo likasema hiyo nyingine ina fungu,
ila mwaka wa fedha bado haujazaliwa.

Nani amewahi kuziba nusu ya shimo?

Tulichomeka tawi la mwarobaini. Likakauka.
Tukaweka tairi. Likaibwa.
Mwantumu Kibanga akatoa kiti cha plastiki, kibovu mguu mmoja,
kikakaa wiki tisa katikati ya njia
kikiheshimiwa kuliko barua yangu.
Watoto wakakiita Mheshimiwa.

Na sisi tukabadilika ndimi.
Kombo, aliyeishia darasa la nne,
sasa anasema "kasma" kama anayesema "chachandu".
Wagomvi wa ukuta mmoja wanaulizana:
je, hili ni la ngazi ya mtaa, au ya kata?

Ndipo Bi Semkiwa akaandika barua tatu, siku moja, saa moja:
*Wenzenu wameshakubali kuja. Tunawasubiri ninyi tu.*
Wakaja. Wakakutana wote pale,
kila mmoja akimtazama mwenzake kama mdeni,
na kiti katikati yao.
Mhandisi akakiondoa kwa mikono miwili, taratibu,
kama anayemsindikiza mgeni.

Mfuniko sasa upo, wa zege, mzito.
Kombo bado hupita pembeni.

Jana jioni wamekuja watu wa Barabara ya Ishirini.
Hawakutaka barua.
Wameazima kiti.