Sauti ya Chumba

Kazi yangu ni masikio.
Gharib ana kamera, ana macho, ana na ghadhabu;
mie nina mti mrefu wenye manyoya nchani,
na watoto wa Michenzani hunifuata ngazini:
"Dada, paka huyo?"

Ghorofa ya tano. Hapa ndipo jarida linapopikwa:
chumba cha kulala kilichotolewa kitanda,
cherehani mbili, kompyuta moja yenye homa,
na ukuta uliobanduka chokaa, wakaufunika kanga.
Gharib kasema maneno yataiba macho, igeuzwe.
Ikageuzwa. Sasa usemi wake wasomeka kinyumenyume,
kama mtu anayekusengenya huku kakupa kisogo.

Siku ya kwanza nilimwomba Bi Shemsa, mhariri,
avue bangili, zinalia kwenye maiki.
Alizivua akicheka.
Siku ya tatu alikuja bila nazo.
Nikamshukuru.

Raya, wa jalada, kasimama juu ya kreti la soda
ili gauni lishuke.
Pichani atakuwa twiga;
hapa ni msichana anayeomba andazi
na kukatazwa, asije akalidondoshea mafuta.
Mgongoni kabanwa vibanio kumi na viwili:
mbele malkia, nyuma kamba ya kuanikia.

Saa saba umeme ukakatika.
Mcha akatumwa kwa jirani kuazima pasi ya mkaa,
akarudi akiipepea ngazi nzima, cheche zikiruka,
na Bi Shemsa akipiga ukelele:
"Hariri hiyo, Mcha! Hariri haisamehe!"
Gharib alilipenda hilo. Akataka lirudiwe mara tatu.
Mara ya tatu pasi ilikuwa imeshapoa,
na ukelele ulikuwa uleule.

Kizuri chajiuza, twaambiwa.
Basi mbona alitoka mbio kupokea simu,
akasahau kinasa sauti nilichombandika mwenyewe
ndani ya ukosi?
Nikamsikia, orofa mbili chini,
akimbembeleza mpiga chapa wa Dar es Salaam:
nusu sasa, nusu likishatoka.
Kimya. Kisha:
"Bangili nimeshauza, baba. Wataka niuze na mkono?"
Kisha pumzi moja, ndefu,
ya mtu anayejifuta uso kabla hajapanda ngazi.

Nilivua hedifoni.
Gharib akaniuliza kwa nyusi: umepata?
Nikamwambia, upepo tu.
Na Bi Shemsa akaingia, wanja umenyooka,
akauliza nani kala andazi.

Bikombo hakuinua kichwa.
Kaja na meli ya usiku kutoka Wete,
kakaa mkekani tangu asubuhi akimalizia upindo.
Yeye ndiye aliyelidarizi gauni lile kwa viua vya kofia,
kitobo kwa kitobo, miezi minne;
kazi ya vichwa vya waume akaishusha kiunoni mwa mwanamke,
na mumewe mpaka leo hajasema neno.
Jina lake halimo ukurasani. Nafasi, walisema.
Niliposogeza maiki aliitazama kama mgeni asiyebisha hodi:
"Kazi hii haina sauti, mwanangu. Utarikodi nini?"

Mwisho wa siku huwaomba watu wanyamaze,
nusu dakika, nikirikodi chumba kikiwa chumba,
kiraka cha kuzibia pale filamu itakapokatwa.
Kiraka chema hakionekani.
Wakanyamaza: Raya juu ya kreti,
Mcha na pasi yake, Gharib akitazama saa.
Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Jivu likijishusha ndani ya pasi.
Tumbo la Raya.
Mkono wa Bi Shemsa ukisogeza karatasi,
na hakuna kilicholia.
Halafu, kama sekunde ya ishirini, tsi.
Nikadhani waya mbovu.
Tsi.
Sindano, ikipita kitambaani.

Sekunde thelathini zikaisha. Sikusema "basi".
Gharib akanikazia macho, nikamwonesha kiganja: ngoja,
mpaka Bikombo alipouinamia uzi
na kuukata kwa meno.