Fremu za Tsiala

Nimemchongea fremu miaka arobaini na mitatu,
hapa Kutaisi, karibu na daraja jeupe la mto Rioni,
kwa hiyo picha zake nazijua kwa unene wa mbao
na kwa mgongo, maana fundi fremu
huanza kwa kuigeuza picha.

Ya kwanza: mkurugenzi wa kiwanda cha malori.
Tsiala ana miaka ishirini na minne, brashi ina nywele tatu.
Alizihesabu kope za yule bwana. Sitanii.
Uzi wa kifungo cha pili ulikuwa umelegea,
naye akauchora ulivyolegea,
hata mke wa mkurugenzi, siku ya kuifunua,
akanyoosha kidole akikaze.
"Nakshi, Elguja," aliniagiza, "nakshi mpaka ukuta uone haya."
Nyuma aliandika jina, cheo, nishani zote, tarehe.

Kisha rangi ikampanda kichwani.
Mashavu ya kijani, paji la zambarau.
Bibi Tebro akairudisha yake kwa toroli:
"Hiyo si pua, hiyo ni birika."
Mimi nami nilicheka, niseme ukweli.
Alikula mkate na vitunguu mwaka mzima, pua hakuigusa.
Nikampunguzia bei, yeye akapunguza nakshi.
Nyuma hakuandika kitu.

Ikaja ile miaka ya giza, umeme saa moja kwa siku,
mafuta ya kitani hayapatikani hata kwa machozi.
Akachanganya rangi na mafuta ya alizeti, ya kukaangia,
juu ya maboksi ya sigara, kwa mshumaa mmoja;
ndiyo maana kila mtu wa miaka ile ana nusu uso,
nusu ya pili kaachiwa usiku.
Mafuta yale hayakauki. Mwalimu Guram,
aliyekufa kabla taa hazijarudi,
bado ananata. Nzi wa kiangazi kile wamo shavuni.
Fremu yake niliitoa kwenye dawati la shule yake;
pembeni kuna jina la mtoto, limekwanguliwa kwa kisu.

Watu husema siku hizi mkono umechoka.
Ana mtoto wa jicho. "Nimlee tu," anasema, "sikujaliwa mwingine."
Lakini nimeona anavyofanya: saa mbili anakutazama,
anakuuliza bei ya jibini, habari za goti lako,
halafu mistari mitano, sita,
na brashi anailaza kama mtu anayefunga mlango
asimwamshe aliyelala.
Nyuma huandika jambo moja ulilosema.
Kwa yule mama wa posta: "Theluji ilinikuta bila soksi."

Mwezi wa tatu akaniita mimi.
Nilivaa koti. Koti hakulichora.
Kuna sikio, kuna penseli juu ya sikio,
na weupe mwingi ambao, nilipousogelea,
kumbe umepakwa, tabaka juu ya tabaka,
nyeupe za siku tatu tofauti.
Nikauliza fremu iwe ya upana gani.
"Uso wako unaishia wapi?" akasema. "Pima hapo."

Mbao nimezikata, zimeegemea ukuta.
Picha iko mezani, imetazama juu.
Mimi niliyegeuza mia nne na kitu,
hii sijaigeuza.