Daftari la Mawingu

Oktoba, tarehe tatu: mawingu.
Tarehe nne: mawingu. Tarehe tano, mvua ya mawe,
na kondoo mmoja aliyenisindikiza hadi langoni
kana kwamba mimi ndiye niliyeileta.
Hivyo ndivyo lilivyo daftari langu la nyota:
miaka kumi na tisa ya kutazama juu kutoka Galloway,
na zaidi ya nusu yake nimeandika hali ya hewa.

Mchana napanda. Kupanda hakuombi ruhusa ya anga.
Nina buti zilizoshonwa upya mara mbili,
ramani iliyotoboka pale pale ninapoihitaji, kwenye mkunjo,
na mkate wa jibini unaoliwa saa nne asubuhi
ingawa kila safari naapa utangoja hadi kileleni.
Milima ya kwetu si mirefu,
hakuna anayeipigia picha za kalenda.
Ina matope. Mguu unazama, unauvuta,
na tope linatoa sauti ya mtu anayeonja mchuzi.
Juu kuna rundo la mawe. Naongeza langu,
sijui kwa nini. Aliyenitangulia hakujua pia.

Eck, fundi wa maboila, mwenzangu wa njia,
huhesabu vilele; ana orodha, anaikata kwa kalamu.
Mimi nikifika juu napima giza la usiku ujao:
bonde lile lina taa ngapi,
na wapi nitasimamisha darubini
nisidhaniwe mwizi wa kondoo.
(Imeshatokea. Mara mbili.
Polisi wa pili aliomba kuuona Mwezi.)

Kisha goti likagoma.
Daktari akasema wiki sita, tambarare tu,
akalitamka neno hilo
kama mtu anayekuandikia dawa tamu.

Na usiku huo, bila shaka, mbingu zikafunguka.
Baridi kavu, nyota zimejaa hadi ukingoni,
na mimi nimevaa ndara, nakokota pipa la taka.
Kilimia, kinachowaambia wengine wakati wa kulima,
kilinikuta nikitenganisha chupa na makopo.
Nikageuka. Kati ya bomba la moshi na dishi la jirani,
nukta ya rangi ya samli, imetulia, haipepesi.

Nilirudi ndani kwa mguu mmoja na nusu.
Ile darubini ndogo niliiweka juu ya kifuniko cha pipa,
nikaiegemeza kwa gunia la viazi.

Senga wa nyumba ya pili akatoka na gauni la kulalia
kuuliza ni nini kinachogongagonga saa hizi.
Nikamwambia ainame. Akainama, akinung'unika,
akafumba jicho lisilo lake, akalifumbua, akafumba jingine.
Kisha kimya.
"Umebandika," akasema.
"Nimebandika nini?"
"Hiyo picha. Humo ndani. Yenye pete."
Akazunguka, akachungulia mdomo wa darubini,
akapitisha kiganja mbele yake, akarudi kuangalia.
Safari hii alikaa muda mrefu zaidi.

"Inakimbia," akasema. "Inatoka pembeni."
"Haikimbii. Ni sisi tunaozunguka."

Hakusema kitu.
Ila nilimwona, polepole, bila kuondoa jicho,
akinyoosha mkono na kushika mpini wa pipa
kama mtu aliyegundua katikati ya safari
kwamba chombo kinakwenda.

Nimepanda Merrick mara thelathini, pengine zaidi,
nikikitafuta kitu kile alichokishika Senga
barabarani, karibu na mabaki ya samaki.
Eck nilipomsimulia, aliuliza mwinuko wa pipa.
Mita moja na kidogo, nikamwambia.
Akasema haliwezi kuingia kwenye orodha.

Oktoba, tarehe kumi na moja: Zohali. Pete wazi.
Anga safi, goti bovu. Mashahidi wawili.
Tarehe kumi na mbili: mawingu.
Tarehe kumi na tatu: mawingu. Senga amegonga mlango kuuliza.