Kufuli Isiyo Tundu

Saa saba za usiku, Wete. Umeme umerudi.
Nawasha kompyuta kabla haujabadili nia,
nanunua kifurushi cha elfu mbili,
na ghala la protini la dunia nzima linanifungukia
kama daftari la madeni:
majina, namba, tarehe, nani kamgusa nani.

Watu wasionijua wameweka humu
kila protini waliyoifumania kazini:
hii huwashwa kwa kubandikwa fosfati,
hii huzimwa, hii hubebwa ikatupwa,
hii haijulikani; mbele yake wametia alama ya kuuliza.
Alama hiyo ndiyo iliyonifanya niwaamini.

Chumba cha pili Shaame hajalala.
Nasikia kitanda kinavyolalamika kwa niaba yake.
Ana miaka kumi na minne, na mifupa ya mzee wa themanini
kila kipupwe kinapoingia.
Herufi moja. Nimemwonyesha mwenyewe:
mnyororo wa beta, nafasi ya sita,
pahala pa glutamati pamekaa valini,
na chembe ya damu, iliyokuwa kama kitumbua
kilichobonyezwa katikati,
inajikunja mundu, inaziba njia.
Akatazama sana. "Herufi moja tu? Si waifute?"
Mwalimu wetu wa imla kosa kama hilo
alilikatia nusu alama.

Alipokuwa tumboni mwa mama hakuumwa.
Mtoto wa tumboni ana himoglobini nyingine,
isiyo na kosa hilo. Akishazaliwa, mwezi kwa mwezi,
protini moja hushika zamu mlangoni
na kuifunga ile jeni.
Jina lake ni mchanganyiko wa herufi na namba, halitamkiki;
mimi namwita Bawabu.
Bawabu akilala, damu ya zamani itaamka.
Si ndoto: yamo ghalani, safu ya nne, yamepimwa.
Vidonge anavyopewa Shaame kule Chake
vinamsinzisha Bawabu kidogo tu,
na si kila mwezi duka la dawa linavyo.

Basi miezi mitano namsaka tundu.
Namzungusha kwenye skrini, ubavuni, kisogoni,
natafuta kishimo ambamo molekuli itakaa
kama ufunguo katika kufuli iliyoizoea.
Nimemjaribia molekuli elfu arubaini na mia mbili.
Zote zimeteleza. Bawabu ni laini
kama kete ya bao iliyochezewa vizazi vitatu.

Jana asubuhi mama kanituma kwa Fundi Chumu,
kufuli ya kabati imegoma.
Nikiwa nangoja nikamweleza, sijui kwa nini, kazi yangu.
Hakuinua macho kwenye tupa.
"Kufuli isiyo tundu," kasema, "haifunguliwi.
Hiyo unaipaka rangi nyekundu, unamwita mbeba taka."
Kisha kadai elfu tatu.

Nilirudi mbio, kama aliyeazima kaa la moto.
Maana ndani ya seli wapo wabeba taka:
protini iliyokwisha muda wake hutiwa chapa,
chapa juu ya chapa,
ikapelekwa kinuni, ikatwangwa,
vipande vikaunda kitu kingine.
Hakuna msiba, hakuna khitma.
Basi sihitaji ufunguo. Nahitaji gundi,
molekuli ndogo: mkono mmoja umshike Bawabu popote pale,
wa pili umshike mtia chapa,
wakutane kama mashahidi wasiojuana
mbele ya kadhi.

Usiku huu nimefungua ghala jingine,
la watia chapa. Wamo mia sita na ushei:
nani yuko kwenye uboho, nani kwenye ini tu.
Nawapitia jina kwa jina.
Saa tisa na robo kifurushi kinakwisha.
Mstari wa mwisho umekatika katikati:
*huonekana zaidi katika*

Katika wapi?

Shaame anagonga ukuta mara mbili: maji.
Nampelekea. Ananiuliza kama Bawabu kalala.
"Bado. Lakini nimeanza kumjua mbeba taka."
"Mwambie nyumba yetu iko nyuma ya msikiti," anasema,
anakunywa yote, ananirudishia gilasi
ikiwa na joto la mkono wake.