Wa Kupokezana

Mwaka wa kwanza tulikuwa watatu na simu moja,
kioo kimepasuka, imeegemezwa kopo la grisi:
mimi, Sechelela wa kuziba pancha,
na mzee Chilongani, aliyesema anapita tu,
akakaa mpaka jogoo.

Mwaka huu turubai jeupe limefungwa ubavuni mwa semitrela
iliyokwama hapa Kibaigwa tangu Jumatano kwa kukosa klachi,
na watu nimeacha kuwahesabu.
Makuli wa sokoni wamekalia lumbesa za mahindi.
Mama Nyemo kahamisha jiko la chapati.
Mbio zimeanza huko ng'ambo saa kumi na moja yetu ya jioni,
zitakwisha saa kumi na moja ya kesho,
na upepo wa Juni, huu unaopasua midomo,
unalitikisa turubai, barabara ya Wazungu inajikunja
hata pale isipokuwa na kona.

"Nani kafunga?" anauliza kijana wa bodaboda kila akipita.
Hakuna aliyefunga.
"Sasa mnaangalia nini? Gari zinarudi palepale!"
Saa tano usiku nikamwona kazima pikipiki,
kavuta shingo, anaomba aelezwe.

Utamu wake hauelezeki kwa haraka.
Mpira, ukienda kukojoa, umekosa bao.
Hizi unaweza kwenda kupakia fuso nzima,
ukaswali isha, ukagombana na mwenye nyumba,
ukarudi, bado zinakwenda,
na yule uliyemwacha wa tatu sasa ni wa sita,
na una haki ya kuuliza kulikoni,
na watu kumi watakujibu kwa pamoja.

Saa nane usiku gari namba thelathini na nane likaingia linafuka moshi.
Hapo ndipo soko liliponyamaza.
Maana gari la namna ile likikimbia, hakuna kati yetu aliyewahi kulishika usukani;
lakini gari lililokufa usiku, giaboksi chini,
mafundi wamelala chali juu ya saruji
na mkono mmoja unachomoza uvunguni kuomba spana,
mkono huo tunaujua.
"Kumi na saba!" Sechelela akapiga kelele. "Mpe kumi na saba!"
Wakampa.
LUKU ikaisha katikati.
Tukachanga kwa tochi, mia, mia mbili,
na picha iliporudi gari lilikuwa linatoka,
mizunguko kumi na minne nyuma,
na umati wote ukasimama
kumshangilia wa mwisho.

Dereva aliyelileta alibaki ukutani, kofia mkononi,
akimtazama mwenzake akiondoka nalo.
Akapewa maji. Akapewa blanketi.
Mtu akamwonyesha pa kulala.

"Wako watatu," akasema Chilongani,
wala hakuwa akisema na mtu.
"Gari moja. Watatu."

Miaka kumi na tisa alipeleka saruji Kigali,
yeye na utingo asiye na leseni,
akitafuna buni, akijizaba makofi
kuupanda mlima Sekenke.
Mwaka mmoja, karibu na Manyoni, alifumba macho
kwa muda wa kupepesa tu.
Utingo aliitwa Mbijili.
Hilo hakulisema. Hapa linajulikana.

Asubuhi, kabla mizani ya soko haijafunguliwa,
tulimkuta kasinzia, shavu kwenye gunia.
Sechelela akamfunika koti lake la kazi
linalonuka mpira wa tairi.
Jua lilikuwa limeshaifuta picha yote,
turubai likabaki turubai.
Hakuna aliyeondoka.
Tulikaa na sauti peke yake,
injini moja inapita, nyingine inapita,
tukinyoosheana vidole hewani, tukibishana kwa masikio:
lile, hapana, lile, sikiliza,
lile ndilo thelathini na nane.