Taulo la Mbele

Pembeni mwa jiko la chuma, kwenye fito ya mbao,
hutundikwa vile vilivyolowa:
kitambaa cha sufuria, kitambaa cha mikono,
kile kilichofuta maziwa kikaanza kunuka.
Mbele yake, taulo moja la kitani,
refu, jeupe, limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe.
Kazi yake ni kuficha.
Halimkaushi mtu.

Bibi Ingegerd alilitarizi akiwa mchumba,
majira mawili ya baridi, uzi wa buluu,
maua tisa ya mkitani, mshono wa msalaba,
na chini yake maneno:
KILA KITU MAHALI PAKE.
Miaka kumi na tisa mama na ndugu zake
walipita hapo wamefumbata mikono
kama wapitao mbele ya duka wanalodaiwa.
Aliyeligusa kwa vidole vya jamu alilala bila uji.

Kisha usiku ule wa Februari, Björkhult,
theluji imepanda hadi madirishani,
sleji ya Alfhild, mke wa mkata magogo,
ikakwama langoni petu,
naye hakuweza tena kumsubiri mkunga wala farasi.
Mtoto akaja juu ya zulia la matambara,
akiteleza, amenyamaza,
rangi yake ya uzi ule ule.
Bibi akanyoosha mkono kwenye fito.
Vya nyuma vyote vibichi, vyote vichafu.
Akaling'oa la mbele.
Akamsugua nalo mgongo, kifua, nyayo,
akamsugua kama sufuria iliyoungua,
hadi mtoto akakasirika
na kupiga kelele.

Alilifua kwa magadi, akalianika nje,
likaganda kama ubao wa shule.
Doa moja halikutoka, ukubwa wa kifungo.
Juu yake akatarizi ua la kumi,
lakini buluu ilikuwa imekwisha na duka liko mbali;
akatumia uzi wa kahawia, wa kuziba soksi,
na ua likaelemea kushoto
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Maneno aliyaacha yalivyo.

Mtoto yule ni Torvald. Ana miaka sitini na mitatu,
anaendesha gari la kusukuma theluji,
kahawa anainywa kwenye kisosi.
Wiki jana alisimama mbele ya fito yetu,
kofia mkononi, akataka nimshonee moja
la jiko lake jipya, jiko lisilo na cha kuficha,
vyombo vinaoshwa na mashine.
Nikamwuliza: maua mangapi?
Tisa, akasema. Halafu: Na lile.
Sikuuliza nani alimwambia.

Tisa yamekwisha. Macho yangu huchoka mapema siku hizi.
Uzi wa kahawia ninao, sindano ninayo,
ila mkono umezoea kunyoosha.
Mara tatu nimelishona lile la kumi,
mara tatu limesimama wima kama askari,
nami nimelifumua.
Kitani kimeanza kulegea pale,
kimetoboka vitundu vidogo vidogo,
mahali pamoja, ukubwa wa kifungo.