Saa ya Kuchemshia Mayai

Jioni ile Tartu mto ulikuwa umeganda,
baiskeli zimezikwa, pembe tu zachungulia thelujini,
nasi arobaini na mmoja ndani ya bwalo la chuo,
makoti yakichuruzika sakafuni,
tumekuja kubishana juu ya ukuta.

Ukuta wenyewe: vigae elfu moja na ushei,
wanawake watano wamebeba bitiruti,
vifua mbele, macho juu, wakitabasamu
tabasamu la kuamriwa.
Juu yao, nyota nyekundu.
Wa tatu kutoka kushoto hana pua;
ilidondoka zamani, wasema wapishi,
ikaishia kwenye sufuria ya supu.
Ubomolewe? Usibomolewe?

Mimi sikuwa na upande, au ndivyo nilivyowaambia.
Kazi yangu kushika saa:
saa ya jikoni, umbo la kuku,
ya kuchemshia mayai, nimeiazima kwa shangazi.
Dakika tatu kila msemaji, makofi marufuku.
Na sharti moja la Liisbet, tulilolicheka:
kabla hujamjibu mtu, mrudishie kwanza neno lake
mpaka mwenyewe akiri, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema."

Kaarel alitangulia.
Babu yake alichukuliwa usiku, mwezi wa Machi,
katika behewa la ng'ombe,
akarudi baada ya miaka minane
amepungua vidole viwili
na hamu yote ya kuzungumza.
"Nami ninywe supu yangu chini ya nyota ile?"
Kuku akalia. Kimya.
Mtu akafuta miwani isiyokuwa na uchafu.

Akasimama Zinaida, wa Narva,
anayekanyaga kila neno la Kiestonia
kama apimaye barafu kwa kisigino.
"Unasema, kila siku saa sita
ukuta huu unakuketisha meza moja
na waliomchukua babu yako."
Kaarel akameza mate.
"Ndiyo. Umesema vizuri kuniliko."

"Basi nisikie. Vigae hivi alivipanga bibi yangu.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, mikono imepasuka kwa chokaa.
Huyu wa nne ni dada yake, sura yake hasa.
Nyota hakuitengeneza yeye;
ililetwa na mtu mwingine, ndani ya sanduku."

Zamu ya Kaarel kurudisha.
"Unasema tusahau."
"La."
"Unasema bibi yako hakuwa na kosa."
"Kosa sijalitaja."
"Unasema ukuta ni mzuri."
"Ni mbaya! Bibi mwenyewe aliona ni mbaya!"
Tukacheka, hata wapishi dirishani,
hata Rasmus, ambaye punde angeondoka
akibamiza mlango, akisema majadiliano
ni shuka la waoga kujifunikia,
na wanaongoja haki huzeeka wakingoja zamu.
(Bado namfikiria Rasmus. Sina hakika amekosea.)

Kisha Kaarel akaacha kumtazama Zinaida,
akautazama ukuta.
Akatazama pua isiyokuwapo.
Akatazama yule wa nne, muda mrefu,
mdomo ukifunguka, ukifunga.
"Unasema," akauma maneno, "unasema
humo ndani mna mkono wa mtu.
Nikivunja, nivunje nikijua."

Zinaida hakujibu upesi.
Akaketi kwanza.
"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyosema."

Msidhani walikumbatiana.
Kaarel alisema bado anataka nyundo,
akaeleza kwa nini, na safari hii
sauti yake haikutafuta dari.
Kura tulipiga. Matokeo ulizeni wengine;
kila mtu huniuliza hayo tu,
kama anayekula yai akasifu ganda.

Ila nina jambo la kukiri.
Kaarel alipokuwa akipapasa mara ya nne,
dakika zake zilikuwa zimekwisha.
Mshale ulifika sifuri, nikauzuia
kwa kidole gumba, kwa nguvu,
nikahisi kuku mzima akitetemeka kiganjani
akitaka kulia,
nami sikumruhusu.

Saa nimeirudisha. Juzi shangazi kanipigia simu:
siku hizi kuku wake anachelewa,
mayai yanaiva kupita kiasi,
je, nilimfanya nini?
Nikamwambia, alikuwa anasikiliza.
Akakata simu.